Mashine Namba Nne

Nimeitambua kwa ule mkwaruzo wa ubavu wa kulia,
pale Omuga alipoisukumiza ukutani siku ya matokeo,
alipoona D ya hesabu.
Sasa ina taa tumboni. Wameiketisha kwenye rafu ya kioo
katika mkahawa mpya wa ghorofa ya tatu, Milimani,
na kando yake kibao: Tafadhali Usiguse.

Usiguse!
Mimi niliyeipangusa kila asubuhi kwa soksi kuukuu,
niliyeiwekea feni mgongoni iliposhikwa na homa,
niliyeiombea stima, Mungu anisamehe,
kuliko nilivyowaombea wanangu karo.

Kuta zimepakwa zambarau na waridi.
Minazi ya vidoti, jua la mistari linalozama pasipo maji,
kichwa cha sanamu ya Mzungu asiye na mboni,
na kilima kile, mnakikumbuka?
Kijani tupu, anga buluu, hakuna ng'ombe, hakuna shamba, hakuna mtu.
Kimeli wa Kapsabet aliapa kwamba ni kwao.
Kila alipokuja kutuma barua ya kuomba kazi
alikitazama kwanza, akasema,
"Boma letu liko nyuma yake pale, upande usioonekana."
Hatukumbishia. Dakika zilikuwa zinahesabika.

Kwenye spika unalia mlio wa modemu,
ule wa paka, bati na mvua,
umelegezwa mwendo ukawa muziki wa kunywea.
Vijana wanafumba macho.
Wamezaliwa juzi, wanakumbuka nini?
Wanakumbuka vizuri kuliko mimi. Hawakulipa.

Kwangu kusubiri kulikuwa shilingi kwa dakika.
Mama Rosebela alilipa ishirini na mbili
akitazama picha ya mjukuu wa Minnesota ikishuka:
paji la uso, nyusi, pua...
Stima ikapotelea kwenye pua.
Akaenda nyumbani na nusu ya mtoto, akasema yatosha.
Hapa kahawa ni mia nne na hamsini.
Kikombe kimeandikwa "Inapakia"
na juu ya povu wamekuchorea saa ya mchanga.

Wahenga: ya kale ni dhahabu.
Ojijo wa vyuma vikuukuu, Kibuye:
ya kale, mama, ni shilingi kumi na tano kwa kilo.
Nilimpa zote kumi na moja.
Alizipima kwa mizani ya samaki.

Ukutani neoni imeandika mwaka: 2007.
"Ni pambo tu," ameniambia binti wa meza.
"Sufuri mbili zinakaa vizuri kwenye picha."
Mwaka ule, mwanangu, ulipokuwa unakata roho
tulizifunga mashine kwa blanketi kama wagonjwa,
tukazivusha usiku kwa mkokoteni hadi kanisani,
moshi umeishika barabara kuu.
Na namba nne ilipowashwa tena, wiki ya tatu,
barua ya kwanza kuingia iliuliza: Mko hai?
Hiyo bado hawajaiuza.
Sijui kikombe chake kitakuwa rangi gani.

Dirishani, ziwa. Magugu yamerudi na maua yake,
zambarau ile ile ya ukuta, naapa.
Ukiyapiga picha yanapendeza.
Chini yake maji hayapumui.

Lakini nisijifanye mtakatifu.
Nimelipa. Nimekunywa mpaka kwenye masimbi.
Binti alipogeuka nimenyosha kidole
nikaibonyeza batani ile iliyozama,
ambayo haiwaki mpaka uishikilie, moja, mbili, tatu...
Hakijawaka kitu. Wameitoa matumbo yote,
wakaiachia balbu na kijani cha plastiki.
Hata hivyo kidole kimesubiri.
Kimesubiri dakika nzima,
ya bure.